Gari Dogo kwa Kazi za Vijijini Tanga: Passo, IST au Vile Vigari vya Nchi ya Theluji?

Mtumishi anayelala Tanga mjini na kufanya kazi kijijini Muheza, Mkinga au Pangani ana swali moja tu la maana anapoingia yadi ya magari: mwezi wa Aprili litafika? Januari kila gari hufika. Njia ikiwa kavu na imeshindiliwa na malori ya machungwa, hata gari lililokatwa springi kwa ajili ya urembo litajikongoja mpaka linakokwenda. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa chini ya milima ya Usambara unageuka sabuni, mikondo ya magurudumu inazama, tuta la katikati linabaki limesimama, na hapo ndipo rangi ya metaliki na redio yenye skrini kubwa vinapoacha kumsaidia mwenye gari.

Magari ninayoyapima hapa ni yale ambayo mtu wa mshahara anaweza kuyakuta kweli kwenye yadi au kuyanunua mkononi kwa mtu: Toyota Passo ya toleo la kwanza yenye injini ya lita moja, Toyota IST ya toleo la kwanza, na vigari viwili vidogo vinavyosukumwa na magurudumu yote manne, yaani Daihatsu Terios Kid na Suzuki Jimny. Vitz nimeiacha kwa kuwa mengi yanayosemwa kuhusu Passo yanaihusu nayo. Kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, nimeiacha pia, ingawa inafika kila mahali ikiwa na magunia mgongoni, kwa sababu haikuundwa kumpeleka mama na watoto wawili kliniki wakafika wakiwa hawajachoka. Njia ya kipimo ni ile inayofahamika na kila mtu wa huku: lami kutoka Kange kupitia Pongwe hadi Muheza, takribani kilomita 35, kisha njia ya kwenda Amani, hasa mlima wa kutoka Sigi, ambako gari linaanzia mwinuko wa mita 450 hivi na kupanda hadi zaidi ya mita 900 kwa kona zinazofuatana, chini ya miti mikubwa isiyoruhusu jua kuikausha njia. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo anayeishi huko hana msimu anaoweza kuuamini moja kwa moja.

Nianze na Passo, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa na wengi wanaopata gari lao la kwanza. Iliingia sokoni Japani mwaka 2004 ikiwa pacha wa Daihatsu Boon, na injini yake ya silinda tatu, 1KR-FE yenye cc 996, ni moja ya injini zinazokunywa mafuta kwa adabu kuliko zote zilizomo katika barabara zetu. Ikiendeshwa kwa utulivu kwenye lami ya Muheza, kilomita 16 kwa lita ni jambo la kawaida. Kwa kuwa haifiki cc 1,000, anayeiagiza kutoka nje haguswi na ule ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ukubwa wa injini, ambao kwa magari ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa uko palepale, na kikokotoo kilichomo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kitamwonyesha mnunuzi jumla ya kodi kabla hajatuma hata shilingi moja Japani.

Hata hivyo Passo ni gari la mjini linalovumilia kijiji, na uvumilivu huo una mpaka. Chini yake kuna nafasi ya kama sentimita 15 tu ikiwa tupu. Wapandishe watu wanne, weka kiroba cha mchele na ndizi kwenye buti, uone zinabaki ngapi. Magurudumu yake ni madogo, kwa hiyo shimo ambalo IST inalivuka kwa mtikisiko, Passo inaingia na kutoka. Kwenye mlima itapanda, lakini dereva atazima kiyoyozi, atashusha gia na kuwaomba abiria subira. Wapo wanaoiinua kwa kuweka spesa juu ya shokapu, nami siwalaumu, ila wajue kwamba spesa nene inazilaza jointi za magurudumu ya mbele kwa pembe kali, mipira inayozifunika inachanika mapema, na tope likishaingia humo jointi inaanza kugonga kwenye kona. Spesa ya sentimita mbili, ikifuatwa na alaimenti, inatosha. Zaidi ya hapo ni kutafuta gari jingine kwa njia ya mzunguko.

Gari hilo jingine, kwa maoni yangu, ni IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Ipo pia yenye injini ya cc 1,298, nayo inatosha kwa mtu anayeishia Muheza mjini, lakini anayekwenda milimani asijinyime zile cc za ziada. Sifa kubwa ya IST haionekani kwenye picha za matangazo. Injini ya 1NZ-FE ndiyo iliyomo kwenye Probox, kwenye Raum, kwenye Corolla nyingi za miaka ile na kwenye Premio na Allion ndogo, kwa hiyo pampu ya maji, plagi, sensa na hata injini nzima iliyokwishatumika hupatikana Tanga, Muheza, Korogwe na popote penye duka la spea na fundi anayejua kusoma. Muda wa valvu zake unaongozwa na cheni, hivyo mnunuzi haanzi umiliki wake kwa kubadilisha mkanda ambao historia yake haijulikani. Fundi wa kijijini ameifungua injini hii mara nyingi kiasi kwamba haogopi, na fundi asiyeogopa ni nusu ya gari.

Kasoro zake ni za kawaida na zinajulikana. Bushi za mkono wa chini wa mbele huchoka kwenye makorogesho, na dalili yake ni usukani unaotetemeka ukivuka matuta ya barabarani. Shokapu za nyuma nazo hulegea kwa mtu anayebeba mizigo kila Jumamosi. Nafasi ya chini inaizidi Passo kidogo tu kwa kipimo, lakini gurudumu la inchi 15 linafanya tofauti iwe kubwa kuliko namba inavyosema. Mafuta inakula zaidi: kilomita 12 hadi 13 kwa lita katika safari ya mchanganyiko wa lami na vumbi ni makadirio ya haki. Kwa anayekwenda Muheza na kurudi kila siku, yaani kilomita 70, tofauti kati yake na Passo ni lita moja au kidogo zaidi kwa siku. Bei ya lita moja hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Kila mtu azidishe kwa siku zake za kazi, kisha aamue kama utulivu wa kupanda Sigi bila kuzima kiyoyozi una thamani hiyo. Mimi naona unayo.

Sasa tuingie kwenye jambo linalowapotosha wanunuzi wengi kuliko yote. Katika matangazo ya magari yaliyotumika Japani utakuta IST, Vitz na Passo zenye maandishi ya 4WD mlangoni au kwenye mlango wa nyuma, nazo zinasifiwa kwamba ni magari ya baridi, yaliyozoea theluji, na kwa hiyo tope la Tanga si kitu kwake. Hoja hiyo inavutia, na nusu yake ni kweli. Japani ya kaskazini, kwa mfano Hokkaido na Aomori, ina majira ya baridi ambayo barabara hufunikwa na theluji na barafu kwa miezi kadhaa, na wakazi wake hununua hata magari madogo kabisa yakiwa na mfumo wa kusukuma magurudumu manne. Lakini mfumo uliomo kwenye vigari hivi ni mwepesi. Kuna chombo kilichojazwa mafuta mazito ya silikoni kati ya shafti ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya mbele yakianza kuzunguka bure kwa kasi kuliko ya nyuma, mafuta yale hukaza na kupeleka sehemu ya nguvu nyuma. Umeundwa kumsaidia mtu aondoke kwenye taa za barabarani akiwa juu ya barafu, katika mji ambao asubuhi ile ile greda limeshapita na kusukuma theluji pembeni. Adui wa pale ni utelezi juu ya uso ulionyooka.

Adui wa njia ya Amani ni mkondo wenye kina. Gari likishakalia tumbo juu ya tuta la katikati, magurudumu yananing'inia, na hapo mawili au manne ni mamoja. IST ya 4WD haina gia nzito ya kutambaa, haina kufuli ya difu, na chini haiko juu kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Inachoongeza ni uzito, shafti ya katikati, difu ya nyuma na kiu ya mafuta. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: mfumo huu unataka matairi manne yenye mzunguko uliolingana. Kwetu mtu akipasuliwa tairi moja hununua moja la mtumba, la kampuni nyingine na la uchakavu mwingine, na safari inaendelea. Kwenye gari la kawaida si dhambi kubwa. Kwenye gari lenye chombo kile cha silikoni, tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma inakifanya kifanye kazi saa zote hata kwenye lami kavu, kinachemka, na mwisho wake ni mlio wa kukwaruza na gharama ambayo duka la spea la Barabara ya Kumi na Mbili haliwezi kuipunguza kwa sababu kifaa chenyewe hakipo rafuni.

Na chumvi je? Katika mikoa ile ya theluji, barabara kuu hunyunyiziwa kloridi ya kalsiamu na chumvi ya kawaida ili barafu iyeyuke, na maji yale ya chumvi hurushwa na magurudumu hadi chini ya gari kila siku ya majira ya baridi. Bodi inapakwa rangi, inaoshwa, inang'aa. Chini hakuna anayeangalia. Niliwahi kufuatana na jamaa yangu kukagua IST ya 4WD iliyokuwa imeng'arishwa vizuri kiasi cha kujitazama usoni, tukaipitisha kwa fundi mmoja mzee wa Ngamiani kabla ya kupatana bei. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alitandika boksi, akaingia chini na tochi na bisibisi. Chini kote kulikuwa kumepigwa rangi nyeusi mpya, nyororo, bila hata alama ya jiwe. Akaisukuma ncha ya bisibisi kwenye ekseli ya nyuma, karibu na kikombe cha springi, nayo ikaingia. Vipande vya kutu vyenye ngozi ya rangi upande mmoja vikamdondokea kifuani. Akafuata bomba la breki linalokwenda gurudumu la nyuma la kushoto, akalipangusa kwa kidole, likawa na vipele kama vya ndui. “Mwanangu,” alimwambia jamaa yangu bila kutoka chini, “gari hili limelala kwenye chumvi. Bodi nzuri, miguu imeoza. Ukitaka kulichukua lichukue, lakini usitoe bei ya gari zima.” Muuzaji, ambaye jina la yadi yake halina haja hapa, alisema magari yote ya Japani yako hivyo. Si kweli, lililotumika Shizuoka au Fukuoka, ambako theluji barabarani ni nadra, kwa kawaida huwa na chini iliyo safi hata likiwa na umri uleule.

Anayeagiza moja kwa moja ana nafasi ya kujua kabla ya kulipa. Karatasi ya mnada ya Japani ina mchoro wa gari wenye herufi: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea. Gari likiwa na daraja la R au RA badala ya namba, limewahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji wa mtandaoni aombwe karatasi hiyo, jina la mji wa mnada, na picha za chini zilizopigwa gari likiwa limenyanyuliwa. Asiyetaka kuzitoa ameshajibu. Kwa gari lililokwisha kufika, dalili za nchi ya baridi zipo wazi kwa anayejua pa kutazama: taa nyekundu ya ukungu kwenye bampa ya nyuma, nyaya nyembamba za joto chini ya kioo cha mbele pale waipa zinapolala, vioo vya pembeni vyenye joto, au waipa zilizofunikwa mpira mzima ili theluji isigande ndani. Vitu hivi peke yake si ubaya. Betri kubwa inayofungwa kwenye magari ya mikoa hiyo ni neema, na mfumo mzuri wa joto unamfaa mtu wa Lushoto mwezi Julai. Vinachofanya ni kumwambia mnunuzi alale chini ya gari na kutazama kwa makini zaidi. Ikumbukwe pia kwamba Tanga yenyewe ina upepo wa bahari. Kutu iliyoanzia Hokkaido haitapumzika ikifika Raskazone.

Matairi ndiyo sehemu ambayo pesa kidogo hufanya kazi kubwa, nayo inasahauliwa. Magari mengi ya mikoa ya baridi, na makontena ya matairi ya mtumba, huja na matairi ya theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na kwa vitufe vya mpira vilivyokatwakatwa mistari midogo ya mawimbi iliyosongamana. Kwa macho yana sura ya kushika tope, na muuzaji atasema hivyo. Mpira wake umechanganywa uwe laini hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Katika lami ya Tanga yenye jua la saa nane unakuwa laini kupita kiasi, unalika haraka, na gari likifunga breki ghafla kwenye lami yenye maji linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama kuliko likiwa na matairi ya kawaida. Ile mistari midogo nayo hujazwa na udongo wa mfinyanzi ndani ya mita chache, na kuanzia hapo tairi ni kipara. Kinachofaa ni tairi la kawaida jipya au lenye kashata, yaani meno, ndefu, lenye mifereji mipana ya kutemea tope. Umri husomwa kwenye namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye miaka kumi, hata likiwa na kashata zote, libaki kuwa bembea la watoto.

Nafahamu kwamba kuna watu ambao kwa yote haya bado wanahitaji magurudumu manne ya kweli: muuguzi wa zahanati iliyo juu ya Amani, bwana shamba anayezunguka vijiji vya Bumbuli, mwalimu ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mto usio na daraja. Kwao yapo Terios Kid na Jimny. Yote mawili, yakiwa ya daraja la magari madogo ya Japani, hayazidi urefu wa mita 3.40 na injini zake hazizidi cc 660, lakini zina tabo, na tabo ni msaada mkubwa kule juu ambako hewa nyepesi huzidhoofisha injini za kawaida. Yamesimama juu zaidi, karibu sentimita 20 kutoka ardhini, na matairi yake yana ubavu mrefu unaomeza jiwe badala ya kulipeleka kwenye rimu. Terios Kid ina milango mitano na inapitika kama gari la familia ndogo. Jimny ya JB23, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2018, ina fremu ya chuma kama lori, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia nzito ya kutambaa. Hiyo haibahatishi, inapanda. Ina milango mitatu, kiti cha nyuma ni cha adhabu, buti halipo, na kwenye lami ya Muheza ikifika kilomita 90 kwa saa mtu na abiria wake wanazungumza kwa kupaza sauti. Matumizi ni kilomita 10 au 11 kwa lita, pungufu zaidi milimani. Spea zake Tanga huagizwa, haziokotwi dukani, na tabo inataka oili nzuri inayobadilishwa kwa wakati. Asiyeweza nidhamu hiyo asiliguse.

Kwa barabara ya Mombo hadi Lushoto, ambayo ina lami yote kwa kilomita 33, maswali ya nafasi ya chini hayapo, yapo ya breki. Gari linashuka kiasi cha mita 1,000 kwa kona za Soni, na vigari hivi vina breki za ngoma nyuma. Dereva wa otomatiki anayeacha gia kwenye D na kukanyaga breki kutoka juu mpaka chini atafika Mombo na harufu ya pedi kali puani. IST ina kitufe cha O/D, yaani cha gia ya juu kabisa, kwenye mkono wa gia. Kizimwe, na kwenye kona kali ishushwe kwenye 2, injini ifanye kazi ya kulizuia gari. Toleo la pili la Passo na la IST lilihamia giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ambayo kwenye lami ni nyororo na ina nafuu ya mafuta, lakini kupanda mlima wa tope kwa muda mrefu huipasha moto, na inadai mafuta yake maalumu, si hidroliki yoyote iliyopo dukani. Kwa kazi inayozungumzwa hapa naipendelea ile ya gia nne, hata kama ni kongwe. Ukungu wa kipupwe nao una dawa rahisi ambayo watu hawaitumii: washa kiyoyozi pamoja na joto, upepo uelekezwe kiooni, na kioo kitakauka ndani ya muda mfupi, badala ya kupangusa kwa kitambaa huku gari likitembea. Rejeta iwekwe kulanti, isiwekwe maji ya bomba, kwa kuwa kulanti huzuia kutu ndani ya injini na huchelewa kuchemka mlimani.

Katika soko la mkononi, mtu atakutana na IST za namba C na namba D kwa wingi, na bei hupandishwa kwa herufi ya namba kana kwamba herufi ndiyo injini. Namba inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi limetengenezwa lini wala limeishije. IST ya namba C iliyokuwa ya mtu mmoja, iliyokaa Chumbageni ikienda kazini na kurudi, ni bora kuliko ya namba D iliyofanya kazi ya mchomoko, yaani teksi ya kuchangia, kati ya Korogwe na Handeni ikibeba watu wanane. Dalili za mchomoko hazifichiki: kiti cha nyuma kimelala katikati, mlango wa nyuma wa kushoto unafungwa kwa kubamizwa, springi za nyuma zimeongezewa raba, na kanyagio la breki limelika upande mmoja hadi chuma. Gari lijaribiwe likiwa baridi, asubuhi kabla mwenye nalo hajaliwasha, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha moshi na milio. Kisha lipandishwe mlima wowote, hata wa daraja, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watu wamejaa.

Kabla ya kulipa, buti lifunguliwe na zulia linyanyuliwe. Magari madogo ya miaka ya karibuni kutoka Japani mara nyingi hayaji na tairi la akiba. Badala yake kuna kipampu kidogo cha umeme na chupa ya gundi ya kuziba tundu, ambayo huwa imekwisha muda wake. Gundi hiyo huziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliochanwa na jiwe. IST za zamani nyingi zina tairi jembamba la akiba, ambalo halikusudiwi kubeba gari mbali wala kasi, na kwenye tope halina msaada wowote. Bei ya gari ijumuishe rimu ya tano yenye tairi kamili la ukubwa uleule, hata kama litalala juu ya zulia na kula nafasi ya mizigo, pamoja na jeki, spana ya nati na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa kuwa jeki peke yake kwenye udongo uliolowa inazama ardhini wakati gari halijanyanyuka.